Siku Polepole Alipotolewa Nje

Karakana ya Bibi ilifunguliwa mapema kuliko maduka yote ya mtaa wetu. Kabla sijaenda shule nilifagia vumbi la sponji, nikaokota misumari midogo iliyoanguka sakafuni jana yake na kuitia kwenye kopo. Bibi alikuwa fundi wa makochi. Watu walimletea makochi yaliyozama katikati, viti vilivyotoboka, na mara moja hata kiti cha daktari wa meno, naye akavirudisha vikiwa vizima. Mpaka leo nikisikia harufu ya gundi na kitambaa kipya, najiona nimesimama pale mlangoni na ufagio mkononi, sare ya shule imeshaingia vumbi, na Bibi ananifokea kwa nini sikufagia kwanza ndipo nikavaa.

Wazazi wangu walifanya kazi mji mwingine, kwa hiyo nililelewa na Bibi, mama yake baba. Nyumba yetu ilikuwa imeungana na karakana, na ndani tulikuwa wanawake watatu: Bibi, Shangazi na mimi. Shangazi alikata vitambaa na kubishana na wateja. Bibi alifunga springi na kukagua kazi ya kila mtu, ya kwake mwenyewe ikiwa ya kwanza. Na katika chumba kidogo cha uani, nyuma ya karakana, aliishi Polepole.

Polepole hakuwa ndugu yetu wa damu. Alifika kwa Bibi zamani sana, mimi sijazaliwa, akiwa kijana asiye na mtu wa kumrudia. Aliomba kazi ya kubeba mbao, na tangu siku hiyo hakuondoka. Jina la Polepole alipewa na wateja waliochoka kusubiri. Walipomwambia Bibi amhimize fundi wake, Bibi aliwajibu kwamba mwenye haraka akakalie ndoo. Kama mafundi wengi wa makochi, Polepole alifanya kazi misumari ikiwa mdomoni. Aliisukuma kwa ulimi mmoja baada ya mwingine, akaipachika na kuigongelea. Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kusema, na mimi nilikuja kugundua kwamba Polepole akiulizwa jambo asilolipenda, alijaza misumari mdomoni hata kama hakuwa na cha kugongea.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Kochi likimalizwa, kabla ya kufungwa kile kitambaa cheusi cha chini, linapinduliwa miguu juu, na kila aliyelifanyia kazi anaandika jina lake kwa chaki kwenye mbao ya ndani. Mteja haoni. Analipeleka nyumbani, analikalia miaka nenda miaka rudi, na hajui kuwa amekalia majina ya watu. Mimi nilipewa chaki hata siku nilizoshika mkasi tu. Shangazi aliwahi kunisimulia kwamba Polepole alipomaliza kiti chake cha kwanza alimuuliza Bibi kama anaruhusiwa kuendelea kukaa. Bibi akampa chaki. Kwa Polepole ile chaki ilikuwa jambo kubwa kuliko mshahara.

Nilipokuwa darasa la sita, Bibi alianza kuumwa nyonga. Alitembea akishikilia meza, kisha akaanza kutumia fimbo, na mwishowe daktari akasema hakuna njia ila operesheni. Bibi hakuogopa kisu. Alichoogopa ni kuacha mambo yake ovyo, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kwenda kulala akaacha kochi limefumuliwa. Basi alasiri moja, kazi ilipokwisha, alivuta stuli, akachukua karatasi na kuandika wosia kwa mkono wake. Alipomaliza alitusomea sote kwa sauti.

Karakana iwe mikononi mwa Shangazi, aliyeijua kazi. Baba na Baba Mkubwa, kaka yake, wapate nyumba pamoja na dada yao. Polepole akae katika kile chumba cha uani mpaka mwisho wa maisha yake, asiondolewe na mtu, na ile cherehani kubwa ya kushonea ngozi iwe mali yake. Bibi akaandika jina lake chini. Halafu, bila hata kufikiri, akampa Shangazi kalamu, kisha Polepole.

"Andikeni na nyinyi," alisema. "Hii nayo ni kazi yetu."

Niliomba kuandika pia, nikaambiwa mimi mtoto. Polepole aliandika jina lake akiwa ametoa ncha ya ulimi, na herufi zake zilichukua muda. Nilimtazama nikaona fahari kama vile jina ni langu.

Nadhani najua kilichomsukuma Bibi. Baba Mkubwa alikuja kututembelea wakati wa likizo. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tabia ya kuipima nyumba kwa macho kila alipoingia. Alimwita Polepole "yule kijana wenu", ingawa Polepole kichwani alishaanza kuwa na mvi. Siku moja, akinywa chai, Baba Mkubwa alisema chumba cha uani kinakaliwa bure tu, kingeweza kupangishwa, na yule kijana akajitafutia kwingine. Polepole alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Alitia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa misumari, akaitia mdomoni. Bibi alimwona, nami nilimwona Bibi.

Wakati tarehe ya hospitali inakaribia, alikuja mwanamke mmoja na kochi la ofisini kwake. Alikuwa wakili, ofisi yake iko juu ya duka la dawa, barabara kubwa. Kochi lake lilikuwa limebonyea kiasi kwamba wateja wakishakaa inabidi wavutwe mkono ili wasimame, na alisema wengine walikuwa wakiingia na shida moja wakitoka na mbili. Alipopita kuangalia kazi imefikia wapi, alilikuta limepinduliwa, majina matatu yameshaandikwa kwa chaki, na mimi naandika la nne.

Aliuliza majina yale ni ya nini. Nikamweleza, kifua mbele. Alifurahi, akasema tangu aanze kukalia makochi hajawahi kusikia jambo kama hilo. Mimi nilikuwa mtoto ninayependa kusifiwa, na sifa zile zilinilegeza ulimi. Nikamwaga mtama wote. Nikamwambia kwamba kwetu hata wosia wa Bibi uliandikwa hivyohivyo.

"Aliandika nani?" aliuliza.

"Bibi kwanza. Halafu Shangazi na Polepole."

"Na hao wawili, wameachiwa kitu humo?"

Nikamjibu kwa furaha kwamba hao ndio hasa walioachiwa.

Wakili aliacha kucheka. Akaketi kwenye stuli ya Bibi, akanivuta karibu, na kuniambia kwanza kwamba yeye haingii katika mambo ya watu bila kuitwa. Lakini kwa kuwa nimemwambia, hawezi kujifanya hakusikia. Watu wanaotia sahihi chini ya wosia pamoja na mwenyewe ni mashahidi wake. Siku mwenye wosia atakapokuwa hayupo, kazi yao ni kusimama na kusema: tulimwona akitia sahihi, akili zake zilikuwa timamu, na hakuna aliyemlazimisha.

"Sasa sheria inajiuliza," alisema, "huyu shahidi anasema kweli, au anatetea tumbo lake? Ndiyo maana inakataza mtu aliyeachiwa mali kuwa shahidi. Akishakuwa shahidi, wosia wenyewe unaweza kubaki, lakini kile alichoachiwa yeye kinaweza kufutwa."

Niliuliza kama Shangazi atafukuzwa. Alisema Shangazi ni mtoto wa kuzaa, kwa hiyo hata hicho kikifutwa atapata fungu lake pamoja na kaka zake. Kisha akauliza Polepole ni nani wake Bibi. Kupitia dirishani nilimwona Polepole uani, ameinamia fremu ya kiti, anagonga. Nikasema si mtoto wake, si ndugu yake, ni Polepole tu.

"Basi huyo ndiye atakayebaki mikono mitupu," alisema wakili. "Mwambie bibi yako aje anione, au aniite nije. Asichelewe."

Jioni ile nilimfuata Shangazi alipokuwa anakata kitambaa. Sikufika mbali. Aliposikia neno wosia aliweka mkasi mezani na kunikata jicho. Aliniuliza nina akili gani, bibi yangu anakwenda kupasuliwa na mimi naleta habari za kufa.

"Unamchuria bibi yako?" alisema. "Usirudie tena maneno hayo ndani ya nyumba hii."

Kwetu kumzungumzia kifo mtu anayekwenda hospitali kulionekana ni kukiita kifo kwa jina. Shangazi alimpenda mama yake na alikuwa na hofu kubwa, ingawa wakati ule mimi niliona ukali tu. Nikafunga mdomo. Lakini kila nilipotoka uani nilimkuta Polepole kwenye fremu ileile, na nilipomuuliza anamtengenezea mteja gani, akasema si ya mteja. Alikuwa amemuuliza muuguzi, akaambiwa mtu aliyefanyiwa operesheni ya nyonga hatakiwi kukaa chini sana. Kwa hiyo alikuwa anamtengenezea Bibi kiti cha miguu mirefu, cha kukalia akirudi. Sikuweza kumwangalia usoni.

Siku iliyofuata, nikimpaka Bibi dawa ya kuchua mguuni, nililia. Bibi alidhani namlilia yeye, akaanza kunituliza kwamba madaktari wa siku hizi ni wazoefu. Nikamwambia si hivyo, namlilia Polepole. Halafu nikaeleza yote, na nilipofika kwa wakili nilikuwa naongea kwa kwikwi.

Niliogopa kuwa nimeshamdhuru kwa maneno yangu. Bibi alichukua ile chupa ya dawa mkononi mwangu, akaifunga vizuri, akaiweka kando.

"Yaani nilimpa kalamu ili awe mtu wangu," alisema, "kumbe kwa kalamu hiyohiyo nilikuwa namtoa."

Kisha akamwita Shangazi. Shangazi aliponiona na macho mekundu alielewa mara moja, akaanza kunigombeza, lakini Bibi alimzuia. Alisema kama maneno yangekuwa yanaua, yeye angekuwa amezikwa zamani, kwa jinsi wateja wanavyomsema yeye kila Polepole anapowachelewesha. Alisema mtoto hakumchuria mtu, ameona mshono umefumuka na amesema. Tena alitaka huyo wakili aitwe kesho yake.

Wakili alikuja na mkoba wake na maswali mengi. Watoto wako wangapi, karakana iko kwa jina la nani, nani atasimamia mirathi ili mambo yasikae bila mwenyewe. Bibi alijibu yote bila kusita mpaka alipoulizwa nani atakayetia sahihi benki akiwa amelazwa. Hapo akatutazama. Kila kitu cha karakana, kuanzia leseni mpaka akaunti ya kununulia vitambaa, kilikuwa kwa jina lake peke yake. Angelala kitandani wiki kadhaa na sisi tungeshindwa kununua hata sponji, kwa kukosa sahihi moja. Basi wakili akaandaa hati mbili. Ya kwanza ilimruhusu Shangazi kuendesha karakana kwa niaba ya Bibi wakati wa ugonjwa. Ya pili ilikuwa wosia mpya, maneno yaleyale ya Bibi, safari hii yamepangwa inavyotakiwa.

Siku ya kutia sahihi walialikwa mashahidi wawili: muuza dawa, na mwalimu mstaafu aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wote wawili hawakuachiwa chochote na hawakuhitaji hata kujua kilichoandikwa. Walitakiwa tu wawepo pamoja, wamwone Bibi akitia sahihi, kisha watie zao mbele yake. Wakili alishauri pia kwamba walioachiwa mali wasiwepo chumbani, asije mtu baadaye akasema mama mzee alishikiwa shingo. Shangazi alijiondokea mapema, akaenda kununua uzi.

Hapo ndipo tulipokosea. Bibi alidhani Shangazi amemweleza Polepole kwamba naye asiwepo, na kwa nini. Shangazi alidhani Bibi amemweleza. Mimi nilidhani wakubwa wameshasema. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Polepole aliposikia leo ni siku ya wosia, alioga. Alivua aproni, akavaa shati lake jeupe alilovaa kwenye harusi za watu, akaja akasimama kando ya meza, mikono ameisugua mpaka gundi imetoka kwenye kucha. Alikuwa anangoja kalamu.

"Samahani, fundi," wakili alimwambia kwa adabu. "Wewe utusubiri nje."

Polepole alimtazama Bibi. Bibi alifumbua mdomo, lakini mbele ya wale wageni alikosa namna ya kuanza, akainamisha macho. Polepole akatoka. Hakuufunga mlango kwa nguvu, aliusogeza tu, na mimi nikauona mgongo wa shati lake jeupe ukipotea upande wa uani. Nikamfuata.

Nilimkuta ameketi kwenye gogo karibu na ukuta. Alitia mkono kiunoni kutafuta misumari na hakuikuta, maana aproni alikuwa ameivua. Ikabidi aseme.

"Jina langu niliandika," alisema. "Wamelifuta?"

Nikasema halikufutwa, ila karatasi ile ya zamani itachanwa.

"Na muuza dawa yumo ndani. Yule amegusa nini katika nyumba hii?" Aliongea taratibu, bila ukali, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. "Mimi siombi chumba. Chumba naweza kupata popote. Lakini kila kilichotoka katika mlango huu jina langu limo. Leo bibi yako anafanya kazi yake kubwa kuliko zote, na mimi nasubiri nje pamoja na kuku."

Nilijaribu kumweleza na nikavuruga. Nilisema shahidi ni mtu asiyepata kitu. Akasema kumbe yeye hapati kitu. Nikasema hapana, wewe unapata, ndiyo maana hutakiwi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto mwenye homa. Nikafikiri sana. Kisha nikakumbuka mechi ya shule yetu, siku mwalimu wa michezo alipokuwa mwamuzi na timu yake mwenyewe ikicheza, na ugomvi uliotokea.

"Mwamuzi anaweza kucheza?" nilimuuliza.

"Mwamuzi gani acheze?"

"Akipokea mpira akafunga goli?"

"Halihesabiwi," alisema Polepole. "Watu watampiga."

"Basi pale ndani wanatafuta waamuzi. Wewe ni mchezaji. Ile mara ya kwanza Bibi alikupa filimbi, na ungefunga goli lisingehesabiwa."

Polepole hakuwahi kuharakisha kitu maishani mwake na hata hilo hakuliharakisha. Alikiangalia chumba chake, kile kijumba cha mlango wa bluu, kisha mlango wa karakana.

"Kwa hiyo nimetolewa nje leo," alisema, "ili nisije nikatolewa nje siku nyingine."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hamkusema?"

Jibu lilikuja kwa fimbo, likigonga sakafu. Bibi alikuwa amemaliza kutia sahihi, amewaacha wageni wake na chai, na ametoka uani mwenyewe, ingawa daktari alimkataza kushuka ngazi. Polepole aliruka kumshika mkono. Bibi akakaa pale kwenye gogo, sisi tukasimama mbele yake.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia. "Nilipaswa kukueleza kabla hujavaa hilo shati."

Polepole akasema yameshapita. Bibi akasema hayajapita, asikilize, na mimi nisikilize pia.

"Mimi nakujua," alisema. "Najua umelala chini ya paa langu, umeniuguza, umenichekesha, umeniudhi. Mtaa mzima unakujua. Lakini sheria haikujui wewe, na haijui moyo wangu. Inajua waliozaliwa, walioolewa, na kilichoandikwa inavyotakiwa. Nilidhani nikikupenda inatosha. Haitoshi. Mtu ambaye sheria haimjui, inabidi umtambulishe kwake ukiwa hai, tena kwa namna inayosikia yenyewe."

Kisha akanigeukia.

"Na wewe ulifanya vizuri kusema. Ungenyamaza kwa kuniogopea, ningekwenda hospitali nikidhani nimeacha mambo sawa."

Bibi alikwenda hospitali, akarudi, akakaa kwenye kiti chake cha miguu mirefu na kututawala kwa miaka mingi zaidi. Ile karatasi ya zamani aliichana yeye mwenyewe, na wosia mpya ukahifadhiwa kwa wakili, nakala ikabaki kwa msimamizi wa mirathi. Mara kwa mara, mambo ya familia yalipobadilika, alimwita wakili na kuuliza kama kuna cha kurekebisha. Alizungumza habari hizo mezani, tunakula, kama vile anazungumzia bei ya uzi. Sasa nikikumbuka milo ile natamani nirudishwe hata kwa mlo mmoja, nimsikie akimwambia Shangazi apunguze chumvi na hapohapo akimkumbusha leseni ya karakana inaisha lini.

Alifariki nikiwa nimeshaanza kazi. Tulimlia kwelikweli, na Polepole, ambaye wakati ule alikuwa mzee, alilia kuliko sisi sote. Siku za msiba sikumwona akilala. Nilipoingia chumbani mwake kumpelekea uji, niliona amefunga vitu vyake kwenye begi, na kitanda kimeondolewa shuka. Aliniambia si kwamba hakumwamini Bibi. Alijiandaa tu, isije ikawa kero kwa watu.

Wakili alikuja kusoma wosia mbele ya familia yote, na safari hii Polepole aliketi pamoja nasi. Ilipofika sehemu ya chumba cha uani na cherehani, Baba Mkubwa aliuliza kama mtu asiye wa damu anaweza kupewa vitu hivyo. Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Wakili akamwita muuza dawa, ambaye naye alishazeeka. Muuza dawa alisema alimwona mama akitia sahihi kwa mkono wake, hakuna aliyemshika, na siku ile akili zake zilikuwa nzuri kuliko za kwake yeye. Watu walicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu mazishi. Baba Mkubwa akaitikia kwa kichwa, akasema basi, mama ameshasema. Jambo lile likaishia hapo, bila kikao cha pili na bila mtu kununiana na mtu.

Mchana ule mimi na Shangazi tuliosha vikombe. Alikuwa akiosha kikombe kimoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Unakumbuka nilivyokufunga mdomo?" aliniuliza. "Nilidhani namlinda mama. Ningekushinda siku ile, leo yule mzee angekuwa barabarani na begi lake, na sisi sote tungekuwa tunampenda, lakini mapenzi hayo yasingemsaidia. Kumpenda mtu ni pamoja na kumwekea mambo yake sawa ukiwa bado unaweza kushika kalamu. Wafundishe na wanao."

Alinipa kikombe cha chai nimpelekee Polepole. Nilivuka uani, nikakuta begi lake liko tupu chini ya meza, nguo zake zimerudi kwenye msumari, na shuka limetandikwa. Mwenyewe alikuwa amelala fofofo, mchana kweupe, mlango wazi. Nikaiweka chai mezani na kutoka bila kumwamsha.